Video ya Gitaa Yatukumbusha Deni Letu kwa Wazee wa Bonde la Ufa

Wako wasemao kwamba muziki ni kazi ya sikio peke yake, na kwamba jicho halina haki ndani yake. Kwa redio huenda maneno hayo yakapita. Kwa gitaa hayapiti kabisa. Gitaa lina mambo mawili: sauti inayotoka, na kazi ya mikono inayoitoa. Mtu aliyeisikia sauti bila kuiona kazi amepata nusu tu ya haki yake.

Nasema haya baada ya kutazama mara nyingi, hapa Nakuru, video ya mpigaji gitaa wa Ulaya akipiga kipande kifupi cha Manuel de Falla, mtunzi wa Uhispania aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki 1946. Kipande chenyewe ni cha dakika tatu hivi. Hakina mwimbaji, hakina ngoma, hakina tarumbeta. Yupo mtu mmoja ameketi, mguu wake wa kushoto umeinuliwa kidogo juu ya kibao, na gitaa la nyuzi sita limelala pajani. Mpiga picha amefanya jambo la busara. Hakuhangaika na uso wa mpigaji wala na mapambo ya ukumbi. Ameweka kamera karibu na mikono, akaiacha hapo hapo mpaka mwisho.

Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa msomaji ajue kipande hicho kilitoka wapi. Claude Debussy, mtunzi mkubwa wa Ufaransa, alifariki mjini Paris mwezi Machi 1918, wakati mizinga ya Wajerumani ikiupiga mji huo. Mwaka 1920 jarida la muziki liitwalo La Revue musicale lilikusanya vipande vya watunzi kumi ili kumkumbuka marehemu. Waliotoa walikuwa watu wenye majina: Stravinsky, Bartók, Ravel, Satie na wengineo. Falla, ambaye alikaa Paris tangu 1907 hadi 1914 na kumjua Debussy ana kwa ana, ndiye peke yake aliyechagua gitaa. Jina alilokipa kipande chake lina maana ya heshima mbele ya kaburi la Debussy. Sisi tungekiita taazia.

Uchaguzi huo haukuwa jambo dogo. Siku zile watu wengi wa Ulaya walilihesabu gitaa kuwa chombo cha vilabu vya pombe na cha kuwabembelezea wasichana chini ya dirisha. Kumbi kubwa zilikuwa za piano na fidla. Falla alikichukua chombo cha mtu wa kawaida wa nchi yake, akakipeleka kwenye matanga ya mtu mkubwa. Hilo pekee latosha kumfanya mtu wa Bonde la Ufa asimame na kusikiliza, maana hata kwetu wapo wazee wa kanisa waliowakataza watoto wao kugusa gitaa, wakisema ni chombo cha walevi.

Mtindo wa Debussy huitwa impreshonizimu. Neno hilo lilitoka kwa wachoraji. Mwaka 1874 Claude Monet alionyesha mjini Paris picha ya bandari ya Le Havre wakati wa macheo, na mwandishi mmoja wa magazeti akalitumia jina la picha hiyo kuwadhihaki Monet na wenzake, ati wanachora hisia ya kitu badala ya kitu chenyewe. Dhihaka ikageuka kuwa jina. Debussy hakupenda kuitwa hivyo, lakini jina limemganda mpaka leo.

Mtu wa Nakuru hahitaji nauli ya Paris ili alielewe jambo hili. Waliopata kusimama juu ya Baboon Cliff katika miaka ambayo heroe walilijaza ziwa wanaijua picha yenyewe. Kutoka kule juu hukuona ndege. Uliona rangi ya waridi imemwagika kando ya maji, ikisogea polepole kama kitu kinachovuta pumzi. Uliposhuka mpaka ufukoni ndipo rangi ile ilipogeuka kuwa miguu, shingo na midomo. Monet angechora ile rangi ya kwanza. Debussy naye alifanya vivyo hivyo kwa sauti: mara nyingi hakusimulia kisa, bali alitandaza hali, akamwachia msikilizaji akae ndani yake.

Sasa tuirudie video. Kipande kinaanza kwa sauti mbili zilizokaribiana sana, moja ikiteremkia nyingine, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya habari mbaya. Chini yake kidole gumba kinapiga besi kwa mwendo wa habanera, mwendo unaopiga hatua na kusita. Mtunzi ameagiza kwamba kipigwe kwa huzuni na utulivu, na mpigaji huyu ametii. Hana haraka. Anaziacha nyuzi zilie mpaka zinyamaze zenyewe, na hapo ndipo jicho linapomsaidia msikilizaji, maana unaona kidole cha mkono wa kushoto bado kimekandamiza uzi ingawa sauti imekwisha kufifia. Anasubiri. Sikio peke yake lingedhani amepumzika. Jicho linajua kwamba yumo kazini.

Kisha tazama mkono wa kulia. Gumba lina njia yake. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vina njia zao. Mara vinachuna uzi mmoja mmoja, mara vinapita juu ya nyuzi zote kwa mfululizo wa haraka, kama upepo unapolala juu ya shamba la ngano kule Njoro. Mara mkono unasogea mpaka karibu na pale nyuzi zilipofungwa, na sauti inakuwa kavu kama bati. Mara unarudi juu ya tundu, na sauti inakuwa laini na nene. Uzi ni ule ule, noti ni ile ile, lakini rangi imebadilika. Ukiona jambo hilo likifanyika mbele ya macho yako, huhitaji mwalimu wa kukueleza kwa nini watu husema kwamba muziki una rangi.

Karibu na mwisho Falla anaingiza vipimo vichache kutoka kipande cha piano cha Debussy mwenyewe, kilichotoka mwaka 1903, kinacholeta picha ya jioni katika mji wa Granada. Ni kama mwombolezaji anayesimama kaburini na kuyarudia maneno ya marehemu. La kustaajabisha ni kwamba Debussy alipoitunga jioni hiyo ya Granada hakuwa amefika Granada. Alichokiona cha Uhispania kilikuwa kidogo mno, ziara ya saa chache katika mji wa mpakani wa San Sebastián. Na bado Falla, Mhispania wa kuzaliwa, aliisifu kazi hiyo kwamba ina ukweli wa Uhispania ndani yake. Mtu anaweza kuisikia nchi kutoka mbali, akaisikia vizuri.

Huo mwendo wa habanera nao una safari yake. Jina lake latokana na mji wa Havana, Kuba, mahali ambapo midundo ya Waafrika waliopelekwa utumwani ilikutana na dansa za Ulaya. Ulivuka bahari ukafika Uhispania na Ufaransa. Midundo mingine ya kisiwa hicho hicho ilirudi Afrika ndani ya santuri za GV, zilizopendwa sana Kongo katika miaka ya 1930 na 1940, na kutoka humo ikazaliwa rumba ambayo wazee wetu waliicheza Nakuru mpaka viatu vikatoboka. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki huu hautuhusu ndewe wala sikio, namwomba auhesabu ukoo upya.

Video hii nilimwonyesha mzee mmoja wa upande wa Molo, mpigaji gitaa wa zamani aliyekuwa kibarua katika mashamba ya pareto. Nilimkabidhi simu nikamwambia, "Mzee, hebu msikilize huyu."

Akaniambia, "Kijana wangu, zima sauti kwanza. Sauti itanivuta. Nataka nione gumba linakwenda wapi."

Basi nikazima. Mzee akaitazama video nzima bila sauti, ameinama, midomo yake ikihesabu. Ilipokwisha akacheka kidogo, akasema, "Gumba lake na langu ni ndugu. Hivi vidole vingine ndivyo sijui vilizaliwa wapi." Ndipo akaniruhusu niwashe sauti, akasikiliza, na mwisho akanyamaza kwa muda. Baadaye alilitoa gitaa lake, nyuzi zimeshika kutu, na shingoni amefunga kalamu ya risasi kwa mpira ili kupandisha sauti. Akapiga wimbo wa kwao. Gumba likatembea chini kwa hatua zake, kidole cha shahada kikajibu juu. Mtu aliye nje ya nyumba angeapa kwamba wamo watu wawili ndani.

Nilimwuliza nani alimfundisha. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. "Hakunifundisha mtu, kijana wangu. Nilikaa mbele yake, nikamwangalia vidole."

Msomaji na alipime jibu hilo. Elimu yote ya gitaa la vidole katika mashamba na miji ya Bonde la Ufa ilipita kwa njia ya jicho. Hapakuwa na kitabu, hapakuwa na noti za kuandikwa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa miaka mingi baadaye watu walifuata kazi: Waluhya, Waluo, Wakikuyu, Wakalenjin na wengine, katika ngano, pareto, chai na karakana. Waliotoka vitani baada ya 1945 walirudi na magitaa. Jioni mmoja alipiga, mwingine akaangalia vidole. Asubuhi aliyeangalia alijaribu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule.

Mabingwa walikuwapo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na mwaka 1959 alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa, akasikika redioni, na vijana wengi wakataka kupiga kama yeye kwa gumba na kidole cha shahada. George Mukabi wa Kakamega, aliyefariki 1963, aliutukuza mtindo wa omutibo, huku chupa ikigongwa kando yake kushika mwendo. Kericho duka la Chandarana lilirekodi na kuuza santuri za wanamuziki wa sehemu hizi, na Kipchamba arap Tapotuk na kundi lake la Koilong'et wakapendwa kote katika nchi ya Wakipsigis. Nyimbo za watu hawa zinapatikana mpaka leo kwa anayezitafuta.

Lakini ukitaka kuviona vidole, utatafuta mpaka uchoke. Wapo wataalamu wachache waliolitambua jambo hili mapema. Gerhard Kubik wa Austria alipiga picha za sinema za wapigaji gitaa wa vidole katika nchi kadhaa za Afrika kati ya mwaka 1966 na 1993. Hata hivyo, kwa wapigaji wengi wa mashamba na masoko yetu, kama kuna kilichobaki ni santuri. Tunayo sauti, mikono tumeipoteza.

Na sauti bila mikono huzaa hadithi. Mfano wake tunao hapa hapa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba pamoja na chepkong, yaani kinubi cha kwao. Walimwimbia kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpigaji gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake ziliwafikia kwa gramafoni. Walimsikia bila kumwona, wakamwazia kuwa nusu mtu na nusu swala. Wimbo ule ni mzuri ajabu, na mimi naupenda. Tracey aliuhifadhi katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini, na baada ya zaidi ya miaka 60 nakala zikarudishwa Kapkatet. Kwa Rodgers kuwa swala hakukuwa na hasara; Wamarekani walimjua, na sinema yake ipo. Sisi je? Wajukuu wetu watakaposikia gumba na kidole cha shahada cha mzee wa Molo, watasema walikuwa watu wawili. Watakuwa wamemfanya babu yao Chemirocha, na hapatakuwa na picha ya kuwasahihisha.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba natusifia muziki wa Wazungu. La hasha. Sikusema kipande cha Falla ni bora kuliko wimbo wa mzee wa Molo. Nimesema kimepewa heshima ambayo wimbo wa mzee haujapewa: kimewekewa taa, kimya, na kamera isiyotoka mikononi. Mpigaji wa Ulaya hakupewa heshima hiyo kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, bali kwa sababu wenzake waliamini kwamba vidole vyake ni elimu. Ni imani hiyo tunayokosa.

Wa pili atauliza, "Muziki usio na maneno unasema nini?" Swali hili nalisikia sana, maana sisi ni watu wa maneno, na wimbo kwetu ni ujumbe. Lakini mtu huyo huyo, akiwa matangani, hukaa kando ya mfiwa nusu saa bila kutamka neno, na mfiwa akamwelewa. Kipande cha Falla ni ukaaji wa namna hiyo. Asikilize mara tatu kabla ya kuuliza. Mara ya kwanza afuate sauti ya juu. Mara ya pili afuate gumba. Mara ya tatu aache kufuata.

Wa tatu atasema kwamba vijana hawataki mambo haya, wanataka muziki wa kompyuta. Huenda. Lakini kijana huyo anayo mfukoni simu ambayo Tracey, aliyetembea na mitambo ndani ya gari, angeitamani. Anaitumia kupiga picha ya chakula kabla hakijapoa. Hakuna sheria inayomkataza kuielekeza kwenye mkono wa babu yake.

Kwa hiyo nina ombi, na si la pesa nyingi. Kama nyumbani kwenu au jirani yupo mzee au mama anayepiga gitaa, au chepkong, nendeni mkamwombe ruhusa. Aketi karibu na mlango, mahali penye mwanga, redio izimwe na kuku wafukuzwe. Simu ilazwe kwa upana wake, iwe karibu na mikono, isitikiswe. Aseme jina lake, kwao, amefunga nyuzi zake kwa sauti gani, na nani aliyemwangalia yeye alipokuwa kijana. Apige wimbo mmoja kwa mwendo wake wa kawaida. Halafu aupige tena polepole. Kamera ianze na mkono wa kulia, kisha wimbo uleule urudiwe kwa mkono wa kushoto. Mwisho apewe nakala yake, na chai yake, na kama video hiyo itampa mtu riziki, naye apate fungu.

Walimu wa muziki wa Nakuru, Molo, Njoro na Kericho nawaomba zaidi. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na kila mwaka watoto wetu hufundishwa nyimbo kwa bidii kubwa. Mwalimu mmoja akimwalika mzee mmoja darasani, wanafunzi 40 wakakaa mbele yake na kuangalia vidole, shule ya zamani itakuwa imefunguliwa tena kwa siku moja. Na video hizo zikiwekwa katika maktaba, hata kama ni kumi tu, zitakuwa mali ambayo hakuna mgeni atakayelazimika kuturudishia baada ya miaka 60.

Falla alimlipa Debussy deni lake kwa dakika tatu za gitaa, miaka miwili baada ya kifo chake. Hakuwa na njia nyingine, mwenzake alikuwa amekwisha kuzikwa. Sisi tuna bahati kuliko yeye, kwa sababu wengi tunaowadai elimu hii bado wako hai, wanaweza kusikia asante kwa masikio yao wenyewe. Mzee wa Molo alinieleza kwamba kidole chake cha shahada kimeanza kukakamaa wakati wa baridi, na kule Molo miezi ya Juni na Julai haichezi na mtu. Aliye na simu na asingoje.